Pedali ya Kushoto

Saa nane na robo mchana pedali ya kushoto ilikuwa haijasogea hata unywele. Spana iliteleza tena, na Fundi akajigonga vifundo vya vidole kwenye chuma. Hakutukana. Tangu asubuhi alikuwa ameziba mipira na kunyoosha ringi, na mabega yake yalikuwa yamegoma kabla kazi hii haijaletwa.

"Wifi, inakuja?" aliuliza mwenye baiskeli, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alikuwa dada wa mume wa Fundi. Kazi yake ilikuwa kusambaza mikate kwa baiskeli hiyo, na geti la kiwanda cha mikate lilifungwa saa kumi. Jana msimamizi alimwambia mbele ya watu: akichelewa tena, wateja wake watapewa mwingine.

"Haiji wala haiendi. Nani aliigusa kabla yangu?"

"Mimi. Ilikuwa imevunjika, nikanunua mpya, nikasema nikupunguzie kazi."

"Umenipunguzia umri. Si nilikwambia ya kushoto hufunguliwa kinyume?"

"Ulisema! Lakini hii ilikuwa kulia. Niliipindua baiskeli magurudumu juu, nikasimama nyuma yake, pedali ikawa mkono wangu wa kulia. Nikaifungua kama ya kulia. Kwa bomba."

"Bomba."

"La maji. Nililivika kwenye spana, halafu nikalipanda."

Fundi alifumba macho kidogo. "Mnyororo ulikuwa upande gani?"

"Ule mwingine."

"Basi hii ni ya kushoto hata ukiitundika baiskeli darini. Ulikuwa unaikaza, wifi. Kwa uzito wako wote."

"Usiseme uzito."

"Sijasema mimi. Chuma ndicho kinasema."

Pembe za pedali za kushikia spana zilikuwa zimelika zote. Kuendelea kuzing'ang'ania kulikuwa kupoteza muda. Fundi aling'oa mkono mzima wa pedali kwenye baiskeli, akavua vipande vya pedali iliyovunjika mpaka ukabaki mhimili mtupu, akaubana wima kwenye jiliwa, kibanio cha vyuma cha mezani. Mkono wa pedali ukakaa juu yake kama mpini wa kinu cha kusagia. Akatia mafuta, akapasha moto, akasubiri, akatia tena.

Sasa kilichobaki ni kuzungusha. Lakini hapa ulizungushwa mkono badala ya pedali, tena ukitazamwa kutoka upande wa ndani. Fundi alipiga hesabu kichwani akapata jibu. Akarudia, akapata jingine. Siku nyingine asingehitaji hata kufikiri. Akikosea sasa, nyuzi za skrubu ndani ya tundu la mkono zingekatika, na hakuwa na mkono mwingine wa kufaa baiskeli hiyo.

"Mbona umesimama? Saa hizo zinakwenda."

"Kichwa kimechoka. Sikiamini."

Alichakura sanduku la vyuma vibovu akatoa mkono wa kushoto wa baiskeli ndogo, pedali yake bado inafunguka kwa urahisi. Akaushika vilevile, pedali chini, akauzungusha kwa vidole mpaka akaona upande inakolegea. Upande huo akauchorea mshale wa chaki mezani.

"Haya, lete huo uzito wako. Fuata mshale. Polepole."

Wakasukuma pamoja. Meza ikalia, jiliwa likalia, wifi akaguna. Kisha chuma kikatoa mlio mkavu, na mkono ukasogea robo mzunguko.

"Imekatika?"

"Nyamaza."

Fundi aliendelea peke yake, kidogo kidogo. Mhimili ulipotoka aliingiza kidole ndani ya tundu, akamulika kwa simu. Nyuzi mbili za mwanzo zilikuwa zimesagika. Zilizobaki zilikuwa nzima. Akazifuta, akapaka grisi, akaanza kuingiza pedali mpya kwa vidole bila spana. Ilikataa mara mbili, ya tatu ikashika. Akaikaza, akaurudisha mkono kwenye baiskeli.

Wifi aliondoka saa tisa na nusu bila kunawa. "Nikifika nakupigia," alisema, tayari ameshakanyaga pedali.

Fundi alikaa juu ya ndoo. Mteja alikuja na tyubu mkononi, akaambiwa aje kesho.

Saa kumi na dakika chache simu iliita.

"Wifi, niko ndani. Napakia."

"Pedali?"

"Imetulia. Ila wamenipa nusu ya mikate. Nusu wameshampa mwingine kabla sijafika."

"Na kesho?"

"Hawajasema. Ngoja, msimamizi ananiita."

Simu ikakatika.