Mbwa Aliyefanya Kazi Yake

Saa moja asubuhi Darlene Pruitt alikuwa ameshakunja mashuka ya hospitali matoroli mawili. Akaomba ruhusa, akapanda basi na mbwa wake Deacon hadi ofisi ya makazi ya kaunti, bila kifungua kinywa. Miaka minne alisubiri kwenye orodha ya kusaidiwa kodi ya nyumba, na leo zamu yake ilikuwa imefika. Barua ilisema wazi: asiyekuwepo jina lake likiitwa, anarudi mwisho wa orodha.

Mlangoni alikaa mlinzi, Stan, na donati yake mkononi.

"Mbwa hapana, mama."

"Huyu ni mbwa wa huduma. Nina kisukari."

"Cheti kiko wapi?"

"Sheria haidai cheti. Unaruhusiwa kuniuliza mambo mawili tu: kama namhitaji kwa ulemavu wangu, na kafundishwa kazi gani. Namhitaji. Sukari yangu ikishuka, ananijulisha."

Stan akamkagua Deacon, mbwa mweusi mwenye sikio lililolegea, hana koti wala beji. "Jana alikuja dada mmoja na kijibwa ndani ya mkoba. Kimevaa koti jekundu, na kina kitambulisho chenye picha. Nikampitisha. Wako hebu nionyeshe anavyofanya."

"Hilo huruhusiwi kuliomba."

"Kumbe na uwakili umo."

Sheria hiyo Darlene aliijulia kwenye milango aliyofukuzwa. Alitaka kusema zaidi, lakini maneno yalikuwa mazito na shingo imelowa jasho. Deacon akamgusa paja kwa mguu. Hakumjali, maana ndani walishaanza kuita majina. Akamgusa tena. Kisha akabweka mara mbili kwa nguvu, kama alivyofundishwa.

Stan akainuka, karibu afurahi. "Mbwa asiyetulia anatolewa. Na hiyo ni sheria, mama. Nje."

Ilikuwa sheria kweli. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, ila siku hiyo mpini alikuwa ameushika Stan.

Darlene akaketi kwenye ngazi, akajitoboa kidole kupima sukari. Hamsini na mbili, imeshuka mno. Akafyonza boksi la juisi. Kupitia mlangoni akasikia, "Pruitt. Darlene Pruitt." Akajaribu kusimama, kizunguzungu kikamrudisha chini. Wakamwita mara tatu, kisha wakaita jina la mtu mwingine.

Baadaye Stan akachungulia. "Walikuita."

"Nilisikia."

"Sasa si ungeniambia kuwa unaumwa?"

"Yeye alikuambia."

Stan akamtazama mbwa. Deacon alikuwa amelaza kidevu kwenye kiatu cha Darlene, macho kwenye mfuko wa koti lake, maana kila akibweka hivyo hupewa jibini.

Darlene akaingiza mkono mfukoni. Akatoa jibini lote, akamlisha taratibu, Stan akiwa bado ameshika mlango.

"Umefanya vizuri," akamwambia mbwa wake. "Umefanya kazi yako."