Jino Moja la Pedali

Profesa alimfukuza kaka yangu mbele ya wateja, na mimi nilitaka aumbuke mbele ya wateja hao hao. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minne tu, bado naamini kwamba kila kilichoharibika duniani kina namna ya kutengenezwa. Kwa mtu huyu sikutaka matengenezo.

Jina la Profesa alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu huegemeza bisibisi kwenye injini, akaweka sikio juu ya mpini na kufumba macho kama daktari. Kazi yake ni kuunganisha pikipiki mpya zinazoletwa kwenye maboksi. Kaka alizifunga naye miaka sita. Halafu toleo jipya likaingia, na pikipiki ya kwanza ya toleo hilo ikagoma gia ya pili: ukiiingiza inaruka, injini inabaki kupiga kelele bure. Profesa akatangaza kwamba kaka aliijaribu vibaya, akasaga meno ya gia. Tangu siku hiyo kaka alishinda kitandani akitazama dari, na mama akaacha kuimba jikoni.

Kibanda ninachotolea fotokopi kimeshikana ukuta na gereji, na dirisha langu linatazama hapo hapo Profesa anapofungia pikipiki. Wiki tano baada ya kaka kuondoka, Jumatatu, nilimwona Profesa akimalizia pikipiki ya pili ya toleo lile, ya nesi, mkunga anayewazungukia wajawazito huko vilimani. Kabla ya kukabidhi, akafanya lile jambo analojivunia siku zote. Alilegeza bolti ya pedali ya gia, akaichomoa, akairudisha kwenye mhimili wake wenye meno, ikiwa imeshuka jino moja.

"Kiwandani wanadhani kila mtu anavaa buti," alimwambia. "Sisi tunaendesha na ndala. Nimekushushia, usichubuke vidole."

Nesi akacheka, akashukuru, akaondoka.

Jumatano akarudi akiisukuma. "Ya kwanza inaingia kwa kubahatisha, ya pili inaruka. Jana nimepanda mlima mzima na gia moja, inalia kama mbuzi."

Nikatoka kibandani nikachuchumaa. Chuma cha kukanyagia mguu kilikuwa na mchubuko mpya, rangi imetoka upana wa kidole. Nikaikandamiza pedali kwa mkono, ikagonga pale pale kwenye mchubuko kabla haijafika mwisho. Kwenye toleo hili chuma hicho kimesogezwa mbele kidogo. Ule ustadi wa ndala, uliofaa miaka yote, ndio uliokuwa ukizuia gia isiingie. Kaka alinifundisha pikipiki kabla sijajua baiskeli, sikuhitaji bisibisi sikioni.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme. Profesa akaniwahi.

"Hii nayo ilipita mikononi mwa kaka yake huyu," alimwambia nesi. "Kaniachia balaa."

Uongo: boksi lake lilifunguliwa kaka ameshaondoka. Nikaumeza ukweli wangu.

"Basi meno yamelika," nikasema. "Ningekuwa wewe, Profesa, ningefungua injini."

"Umesikia, nesi? Hata msomi kaona."

Akaifungua. Alizipanga gia juu ya gunia, moja moja, na zote zilikuwa zinang'aa. Akazirudisha. Akabadilisha oili, akakaza klachi, akailegeza tena. Akijaribu, gia inaruka. Nilichungulia dirishani kila nilipopata nafasi, na sikumbuki kufurahia kazi ya fotokopi kama siku zile. Kufikia Ijumaa wenye maduka walikuwa wamehamishia viti vyao gerejini.

"Mtihani umekuwa mgumu, Profesa?"

"Nyamazeni, nasikiliza."

"Muulize bisibisi. Yeye ndiye alisoma."

Jumamosi asubuhi nilimwambia kaka kuna mteja anamtaka, aje na spana namba kumi tu. Alikuja akiburuta miguu. Nesi alikuwepo, viti vyote vimejaa. Kaka akaikandamiza pedali mara moja, akaona inapogonga, akamtazama Profesa. Akalegeza bolti, akaipandisha pedali jino moja, akakaza. Akaenda nayo hadi mwisho wa barabara na kurudi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, sote tulisikia.

Kicheko kilichozuka sijawahi kukisikia tena. Profesa akakaa juu ya boksi tupu.

"Nani alishusha pedali ya ile pikipiki ya kwanza?" kaka akamuuliza.

"Tuongelee ndani, mdogo wangu."

"Ulinifukuzia hapa nje."

Profesa akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Mimi," akasema. "Nilishusha mimi. Hukuharibu kitu."

Nilisubiri neno hilo wiki tano, na lilipotoka nilitamani alirudie kwa sauti zaidi. Lakini kaka alikuwa amenigeukia mimi.

"Uliniambia nije na namba kumi tu, ya bolti ya pedali. Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. "Jumatano," nikasema.

Nesi akaufunga mkoba wake kwenye kiti cha nyuma, taratibu.

"Nimepanda vile vilima kwa miguu siku tatu," alisema. "Jana nimefika mtoto ameshazaliwa, kapokewa na jirani asiyejua hata kufunga kitovu."

"Mama na mtoto wazima?" nikauliza.

"Wazima. Si kwa sababu yako."

Nilimwomba radhi pale pale, huku machozi yananitoka mbele ya watu wote niliowakusanya kumcheka mwingine. Nesi akapanda pikipiki. Akawasha, akaondoka. Jumatatu iliyofuata kaka alianza kufunga pikipiki peke yake, upande wa pili wa barabara, na mteja wake wa kwanza alikuwa nesi, aliyekuja kukaziwa mnyororo. Kwa nesi nimeenda mara mbili kurudia kuomba radhi. Kwa Profesa sijaenda, na dirisha langu bado linatazama pale pale.