Moto wa Chausiku

Chausiku alikuwa mbishi tangu utoto. Lakini alimpenda mdogo wake, Zuhura, kupita kiasi. Zuhura aliporudi Uluguru kutoka Dumila, alikokuwa akiuza vitunguu barabarani, Chausiku alimkatia nusu ya chini ya shamba la mama yao. "Kaa hapa, mdogo wangu," alimwambia. "Ukiondoka tena nitabaki na nani?"

Zuhura akakaa. Akachimba matuta ya ngazi, akapanda tangawizi, na kila ukingo akaupanda majani ya mabingobingo yashike udongo. Majirani wakamcheka: huyu anajenga ngazi ya kwendea mbinguni! Chausiku naye akacheka, Mungu amsamehe.

"Dada, mwaka huu usichome shamba," Zuhura alimsihi. "Mvua haziji tena kama zamani. Hata mto wenyewe, siku hizi kuku anavuka."

"Mama alichoma, bibi alichoma, tukala tukashiba. Au Dumila ndiko ulikofundishwa kilimo?"

Huko milimani, tangu enzi za bibi, wingu likikizunguka kilele kama kilemba, unachoma kesho yake. Mvua inakuja kuzima majivu, nawe unapanda. Basi wingu lilipotanda, Chausiku hakungoja. Mteremko wake mzima ukabaki mweusi, hakuna hata jani. Alitaka maharage ya mapema, agawane na Zuhura, njaa isije ikamrudisha mtoto wa mama yake barabarani.

Loo! Wingu lile lilikuwa la uongo. Likaondoka, jua likawaka wiki baada ya wiki, upepo ukapeperusha majivu, udongo ukawa vumbi. Kila asubuhi Chausiku alitazama kileleni mpaka shingo ikamuuma. Kukubali kosa? Thubutu!

Mvua ilikuja mchana kweupe, yote kwa mpigo. Chausiku alikuwa mlangoni alipoliona shamba lake likisogea. Likateremka zima zima, mawe na matope, likazifukia ngazi za Zuhura moja baada ya nyingine, na tangawizi yake, na chemchemi waliyokuwa wakichota wote wawili. "Zuhura! Toka ndani!" alipiga mayowe. Zuhura alitoka mbio. Nyumba ikasombwa nyuma yake.

Mvua ilipokatika, Chausiku alishuka akapiga magoti kwenye matope, jambo ambalo dada mkubwa hamfanyii mdogo wake.

"Shikamoo, dada," Zuhura akasema, kama kawaida yake.

Chausiku alishindwa kuitikia. "Nimekumaliza, mdogo wangu. Nitakuchimbia ngazi upya, zote, kwa mikono yangu hii."

"Utazichimba wapi, dada?" Hakupaza sauti, heri angetukana. "Kwako umebaki mwamba. Kwangu ni mawe matupu."

Akafunga nguo zilizosalimika kwenye kanga. Chausiku alilia, akabembeleza, akaapa kwa jina la marehemu mama yao. Wapi! Mwishowe akauchukua ule mzigo akajitwika mwenyewe, maana njia ilikuwa ya utelezi na mdogo wake alikuwa anachechemea tangu alipoikimbia nyumba. Akautua barabarani, na gari la Dumila liliposimama, akaupakia kwa mikono yake mwenyewe.