Anayetaka Abonyeze Taka

Barua pepe ya onyo ilitoka asubuhi: dawa ya kikohozi ya watoto, ile ya chupa zenye kifuniko chekundu, imeingia sumu, isitumike. Hadi adhuhuri hakuna zahanati hata moja iliyojibu. Ofisi ya ghala la dawa ilitulia kama maji ya mtungini, na katibu, ambaye wenzake walimwita Mama Sala, alihisi ule utulivu ukimpanda mgongoni.

"Wameipata. Wana kazi nyingi tu," alisema.

"Hawajaipata," fundi wa kompyuta alijibu bila kuinua macho. "Anwani yetu imechafuka, mama. Kila tunachotuma kinaangukia kwenye folda ya taka, hakisomwi. Zile sala ulizokuwa ukiwatumia wateja kila kukicha, nani alikuomba?"

"Sala haiombwi, mwanangu. Mvua nayo utaiita taka kwa kuwa hukuiomba?"

"Mvua haitumii anwani ya ofisi."

"Nawe uliziona. Mbona hukunizuia?"

"Nimzuie mtu na Mungu wake? Ningeanzia wapi?"

"Basi tusitupiane mpira. Hakuna aliyelalamika. Tena niliwapa hiari yao, kwa adabu." Akafungua sala ya jana, akamwonyesha mstari wa mwisho: *Anayetaka kuendelea kupokea sala hizi, abonyeze TAKA.*

Fundi alisoma, akarudia.

"Mama, kitufe hicho cha barua pepe ni cha takataka. Ukikibonyeza unaiambia mitambo: huyu anayetuma ni mchafu, mtupeni."

"Si taka ya kutaka?"

"Si ya kutaka."

Mama Sala alikaa. Kumbe waliompuuza hawakumdhuru. Waliomfukia ni wale waliompenda, mmoja baada ya mwingine, kwa kidole chenye imani.

Fundi alishika simu ya mezani, akaanza kuzipigia zahanati. Mama Sala alishika yake, akampigia mdogo wake, muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya mji. Iliita, ikaita.

"Dada! Sala ya leo mbona sijaiona?"

"Ulikuwa ukibonyeza taka?"

"Kila siku! Hata wenzangu nimewafundisha."

"Sikiliza. Zile chupa za kifuniko chekundu..."

"Ah, hizo zimetuokoa! Kikohozi kimezagaa, foleni imefika barabarani." Nyuma yake mtoto alilia, na sauti ya kike ikambembeleza: meza, mwanangu, meza, tamu hii.

"Mzuie huyo!" Mama Sala alipiga kelele. "Ina sumu, mdogo wangu. Mmewapa wangapi?"

Alisikia kijiko kikianguka sakafuni, kisha viatu vikikimbia kuelekea mlangoni, na sauti ya mdogo wake, kwa mbali, ikiwaita akina mama waliokwisha kuondoka.