Boila na Taa Mbili za Kijani

Mwekezaji alipofufua kiwanda cha korosho pale Lindi, boila la mvuke wa kuchemshia korosho lilifungiwa vidhibiti viwili. Kimoja kiliendesha kazi, cha pili kilikaa chonjo kishike zamu mwenzake akizimia. Kila kimoja kilikuwa na kipimo chake cha presha na taa yake ya kijani. Fundi Dionis ndiye aliyevifunga, na hata hivyo hakuviamini. Kila alasiri aligonga bomba mara tatu kwa spana, akasikiliza mlio. Fortunata, mwangalizi wa boila, alikuwa akimcheka.

Dionis alipofariki, Fortunata mwenyewe aliiweka spana ile ndani ya jeneza. Siku hiyohiyo ya mazishi kipimo kimoja kikafa, king'ora kikaanza kulia na hakikukoma. Wabanguaji wakanong'onezana kwamba marehemu anaita mtu wa kumfuata. Majid, fundi msaidizi, woga ukamwingia, akaunganisha vidhibiti vyote viwili kwenye kipimo kilichobaki.

"Wacha wale sahani moja, dada," alimwambia Fortunata. "Msiba una kilio chake, cha mashine hatukihitaji."

King'ora kikanyamaza, Fortunata akashukuru. Nani asingeshukuru?

Alasiri moja, matanga yakiwa yameshaanuliwa, bomba likagongwa mara tatu. Fortunata akageuka, asione mtu. Taa zote mbili zilikuwa kijani. Nyuma ya ukuta, mdogo wake Justa alikuwa akipakua korosho zilizochemshwa, anaimba na wenzake. Na mwekezaji alishasema, atakayezima boila taa zikiwa kijani asirudi kesho.

Bomba likagongwa tena, kwa mwendo uleule wa mkono anaoujua. Aliipenda kazi yake, lakini Justa alikuwa mmoja tu. Akazima moto, akakimbilia chumba cha pili.

"Tokeni nje, nyote."

"Kuna nini, dada?"

"Dionis anagonga."

Wakaziacha korosho, wakatoka mbio.

Walikuwa uani boila lilipopasuka na kuubomoa ukuta. Vumbi lilipotulia, Majid akaenda kuchungulia, akarudi analia. Kipimo kile cha pekee kilikuwa kimeziba kwa uchafu, kikionyesha presha ya kawaida huku ndani ikipanda. Vidhibiti vyote viwili vilidanganywa na mdomo mmoja, vikakubaliana. Kwenye kifusi, taa mbili zilikuwa bado zinawaka kijani.

Boila jipya lilipofungwa, kila kidhibiti kilipewa kipimo chake. Hata hivyo Fortunata huligonga bomba kila alasiri, kisha huondoka upesi kabla halijamjibu.