Kisogo cha Letisia

Siku ya kumaliza matanga, mama mkwe Marieta alimkalisha Letisia kwenye kigoda nje ya nyumba, akamlowesha nywele kwa maji ya sabuni, akaanza kumnyoa kwa wembe mpya. Basili, mume wa Letisia, alikuwa amefukiwa na tope lililoshuka kwa mto Jorodom kutoka mlimani, na wiki hiyo ndiyo waliyomzika. Wembe ulipofika kisogoni, Marieta akatulia.

"Mwanangu yuko huku," alisema. "Anapanda minyaa."

Kweli, kisogoni pa Letisia, Basili alikuwa akipanda minyaa kwenye mpaka wa shamba lake, na mdogo wake Evarist akimshikia kamba. Wanawake walikuja kwa zamu, wakatazama, wakarudi kuchambua maharage. Mhudumu wa zahanati aliyekuja kutoa pole alisema hakuna ajabu hapo: kazi ya macho ni kupokea tu, kuona kwenyewe hufanyika huku nyuma. Letisia peke yake ndiye ambaye hakuona kitu. Kioo kilimwonyesha ngozi, picha ya simu nayo ngozi.

Hata hivyo alifurahi, furaha ya mfiwa. Tope lilikuwa limemeza mpaka wote, na Evarist alikuwa ameshatangaza kwamba shamba ni lake. Sasa ushahidi ulikuwepo, tena anatembea nao.

Kikao cha ukoo kilikaa kwa mzee Onesphory. Letisia aliwaamkia shikamooni, wakaitikia marahaba. Kisha akavua kilemba, akageuka.

Wazee waliona kila kitu. Evarist naye aliona. "Ndiyo, ni mimi huyo," alisema, "na yule ni kaka, Mungu amlaze pema."

"Mama, geuka utuangalie," mzee Onesphory alisema.

"Nikigeuka hamtaona, mzee."

"Akupaye kisogo si mwenzio. Tangu lini mwanamke wa ukoo huu akawapa wazee kisogo? Shahidi anaongea akitazamana na kikao."

Letisia akageuka. Wakamtazama usoni, wakamuuliza ana ushahidi gani. Alimtazama mama mkwe. Marieta, ambaye sasa alikuwa akilishwa na Evarist, aliangalia miguu yake mwenyewe.

Shamba likawa la Evarist. Uchungu ule Letisia hakuwa na pa kuupeleka, akarudi nao nyumbani, akapika.

Mahindi yalipofika magotini, Evarist alikuja mchana, kofia mkononi. Aliomba, kwa adabu zote, amwone kaka yake kidogo. Shemeji hafukuzwi mlangoni. Letisia alikaa, akavua kilemba, akazitenganisha nywele zilizoanza kuota. Akasikia mwanamume mzima akilia nyuma yake, na kilio kilikuwa cha kweli. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Shemeji," aliuliza, "amevaa nini?"

"Lile koti la kijani. Amekunja mikono."

"Anafanyaje?"

"Ananicheka. Nimeshika kamba vibaya."

Evarist alijifuta machozi, akashukuru, akavaa kofia, akaenda kupalilia. Letisia alibaki palepale ameketi, mumewe akicheka nyuma yake.