Maji ya Kuogeshea Mtoto

Serafina alikuwa ametia rangi vitambaa miaka thelathini, na katika kikundi cha wafumaji wa Mlabani hakuna aliyethubutu kumfundisha kuchemsha maji. Edna, binti wa mdogo wake aliyerudi kutoka chuoni, alimkabidhi pakiti ya unga wa kusafishia kitambaa kabla ya rangi, akasema maji yawe vuguvugu tu, ya kuogeshea mtoto. Serafina akaitikia "sawa". Edna alipotoka, akachochea kuni.

Kabla ya kufuma, wanawake wale hupaka nyuzi uji wa mchele zisikatike. Uji ukibaki kitambaani, rangi haishiki. Kitambaa cha kwanza cha sare za kwaya ya kanisa kilitoka na mabaka kama ng'ombe, na Amedeus, mwalimu wa kwaya, alishasema kingine kikiwa hivyo ataagiza sare kiwandani. Hapo mitambo yao ya kufumia ingelala.

Edna alirudi, akadondoshea kitambaa kilicholowekwa iodini, dawa ya kahawia inayogeuka nyeusi penye uji. Tone likawa jeusi. Uji ulikuwa bado tele.

"Labda unga wangu mbovu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Hivi ni vimeng'enya, mama mkubwa, vinatoka kwa bakteria. Kazi yake ni kumeng'enya uji tu, uzi haviugusi."

Moyo ulimsuta Serafina. Kusema ilikuwa aibu, kunyamaza ilikuwa dhambi.

"Unga wako mzima. Nimeuua mimi, nilichemsha."

Klementina, mfumaji mwenzake, akakohoa kuficha kicheko.

Ilibaki pakiti moja, na safari hii maji yalitakiwa yakae vuguvugu saa tatu nzima. Hapo Serafina akaona kazi imerudi mikononi mwake. Alizungushia sufuria magunia ya pumba za mpunga, akafunika, akawa anapima kwa kiwiko na kuongeza maji ya moto kikombe kwa kikombe. Tone la pili la iodini lilibaki kahawia vilevile; uji ulikuwa umetoka.

Keshokutwa yake Amedeus alikikuta kitambaa kambani, bluu iliyokolea pindo hadi pindo. Akakigeuza, akakiinua juani, akatafuta baka kwa vidole.

"Fumeni mita themanini," alisema mwishowe. "Na nyingine za kwaya ya watoto."

Serafina alifurahi. Akapiga kigelegele, wenzake wakampokea, na kabla hakijakatika Klementina alikuwa ameshakaa kwenye mtambo, anafuma.